Mishumaa ya Galu: Nta, Chupa na Upepo wa Kusi

Juma hili safari yetu ya matembezi imetufikisha Galu, upande wa Kwale. Tulivuka Likoni kwa feri asubuhi, ingawa mwenye gari siku hizi aweza kuikwepa foleni kwa kupitia barabara ya Dongo Kundu, tukaishika njia kuu iendayo Lunga Lunga mpaka Ukunda, kiasi cha kilomita 30 kutoka Mombasa. Hapo tulipinda kushoto kuelekea baharini. Pale njia inapogota kwenye barabara ya ufuoni, wageni wengi hushika mkono wa kushoto, kwenye hoteli kubwa na maduka ya Diani. Sisi tulishika mkono wa kulia.

Kadiri mtu anavyokwenda kusini ndivyo kelele inavyopungua. Mibuyu huonekana nyuma ya kuta za mawe ya matumbawe. Mahali mahali zimetundikwa ngazi za kamba juu ya barabara, ili mbega wavuke kutoka mti hadi mti bila kugongwa na magari. Mwisho wa lami ukikaribia, msafiri huwa ameshaingia Galu, na mbele yake ni Kinondo, yenye kaya ya Wadigo ambayo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008.

Galu kwa hakika ni mahali pawili. Kuna Galu ya ufuoni, yenye nyumba za kukodisha zilizoezekwa makuti, mchanga mweupe, na wageni wanaokokotwa juu ya maji na tiara kubwa za rangi, kwa kuwa pwani hii hupata upepo mwema wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Tena kuna Galu ya ndani, ya minazi na mikorosho, madrasa na visima, ambako ndiko walikolala wanaoamka alfajiri kwenda kupika, kufua na kufagia katika Galu ya kwanza. Njia baina ya Galu hizi mbili ni ya mchanga, na kila siku hupitwa na akina mama waliojifunga leso, wengine wakiwa wamebeba mfuko wa vitu vilivyotupwa na wageni lakini bado vina faida.

Ndani ya mifuko hiyo ndimo tulimokutana na habari ya juma hili: chupa.

Pambo la barazani

Mtu akipita jioni mbele ya nyumba za ufuoni ataona, juu ya meza za barazani, chupa zilizovaa nta. Chupa huwa ya kijani au ya hudhurungi, mdomoni mwake umechomekwa mshumaa, na nta imemwagika ubavuni kwa michirizi, safu juu ya safu, hata kioo hakionekani tena. Nyingine zimewashwa kwa miezi mingi na zimekuwa nene kama shina la mti mchanga. Nyeupe imefunikwa na nyekundu, nyekundu ikafunikwa na samawati, na chini kabisa nta imetandaa mezani kama mizizi. Hakuna mbili zinazofanana.

Mtindo huu si wa kwetu kwa asili. Wengi wanauhusisha na mikahawa ya Kitaliano, ambako chupa ya mvinyo wa Chianti, iliyosukiwa vazi la majani makavu, ilipokwisha ilikuwa haitupwi. Ilitiwa mshumaa ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha mirabamiraba. Katika miaka ya 1950 na 1960 pambo hilo lilienea katika mikahawa ya bei nafuu ya Ulaya na Marekani, likapendwa na wanafunzi na wasanii kwa sababu halikuwa na gharama. Waitaliano wamekuwa pwani ya Kenya kwa miaka mingi, Malindi na Watamu zaidi, na Diani pia, na mitindo yao ya mezani imekuja nao.

Ama nta yenyewe si ngeni hapa. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 16, alitaja kuwa watu wa Mombasa walipokuwa katika amani na watu wa bara walipata kutoka kwao asali, nta na pembe za ndovu. Nta hiyo ilisafirishwa ng'ambo. Hivyo kabla ya mshumaa wa dukani kufika kwetu ndani ya pakiti, nyuki wa misitu hii walikuwa wameshamulika nyumba za watu wa mbali. Na mpaka leo viko vikundi vya pwani vinavyofuga nyuki katika mikoko, ingawa wengi hutazama asali tu na kuisahau nta.

Mwangaza kama pambo nao tulikuwa nao. Nyumba za mawe za Waswahili, hasa za Lamu, zilichongwa zidaka ukutani, safu kwa safu, zikapangwa sahani za kaure na vyombo vya thamani, na mwanga wa taa ukacheza juu ya chokaa nyeupe. Kulikuwa na kandili, kulikuwa na fanusi, na katika vijiji vya Kwale kulikuwa na koroboi ya mkebe iliyotoa moshi kuliko nuru. Chetezo cha udi, pamoja na kaa lake jekundu, bado ni pambo la moto katika kila nyumba yenye harusi au mgeni mheshimiwa. Asiseme mtu, basi, kwamba bibi wa pwani ameanza kupenda mwanga wa kupendeza alipouona kwa watalii.

Kazi ya upepo

Tulikaa na akina mama watatu wanaofanya kazi katika nyumba za ufuoni. Hao ndio mabingwa wa jambo hili, kwa sababu mgeni huwasha mshumaa usiku akaenda kulala, na asubuhi wao ndio wanaokwangua nta juu ya meza. Mmoja wao alituambia kuwa aweza kujua upepo wa usiku uliopita kwa kuitazama chupa. Tulidhani ni mzaha, lakini alipotueleza tuliona ni elimu.

Mshumaa ukiwaka, joto huyeyusha nta iliyo chini ya mwale, ikafanya kidimbwi kidogo. Nta hiyo hupanda utambini kama mafuta ya taa yapandavyo katika koroboi, ikageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaoungua. Pasipo upepo, mwale husimama wima, ukingo wa mshumaa hubaki sawasawa pande zote, na kidimbwi hakimwagiki. Upepo ukija, mwale huinama. Upande unaolambwa na moto huyeyuka, ukingo hubomoka, na nta yote hukimbilia huko. Inaposhuka hukutana na kioo kisicho na moto na kugandia hapo ilipofika. Mchirizi unaofuata hupita juu ya mgongo wa ule wa kwanza.

Kwa hiyo chupa iliyowekwa barazani Galu wakati wa kusi, baina ya mwezi wa nne na wa kumi hivi, hunenepa upande mmoja, na ikiachwa mpaka kaskazi, miezi ya Disemba hadi Machi, hunenepa upande mwingine. Mwenye nyumba anayetaka chupa yake ivae nta pande zote huizungusha robo kila anapowasha mshumaa mpya. Na anayewasha ndani ya chumba kilichofungwa madirisha atangoja sana, kwa sababu mshumaa wake utaungua kwa utulivu na kutoa matone machache.

Akina mama hao walitufundisha pia kuwa mishumaa haifanani. Ile myeupe ya kawaida ya dukani, tunayoinunua stima ikikatika, ndiyo inayochuruzika vizuri, kwa kuwa nta yake ni laini. Mishumaa ya bei kubwa ya karamu mara nyingi imetengenezwa kusudi isichuruzike, na haifai kwa kazi hii. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65, huchelewa kumwagika, lakini rangi yake ya dhahabu na harufu yake ya asali hazina mfano.

Mavyaa na chupa ya mvinyo

Jioni tulialikwa katika nyumba moja ya Galu ya ndani. Ni nyumba ya matofali, vyumba vitatu, bati juu, na baraza iliyosakafiwa vizuri. Mke wa nyumba hiyo anafanya kazi ya usafi ufuoni. Alikuwa ameleta chupa mbili za kijani, akazitia mishumaa, akaziweka kwenye kabati la kioo sebuleni kando ya seti ya vikombe vya harusi yake. Zilikuwa zimeanza kuvaa nta, na kweli zilipendeza.

Mavyaa wake hakupendezwa. Alituambia mbele ya mkewe mwana, bila hasira, kuwa amekaa katika nyumba hiyo miaka mingi na hajapata kuona chupa ya mvinyo ikiingia mlangoni. "Mwanangu, mtu akija kumsomea mgonjwa dua humu ndani, akiinua macho ataona nini?" aliuliza. Mke akajibu kwa upole, "Mama, nimeiosha mara tatu, haina hata harufu. Sasa ni kioo tu." Mama mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe wajua umeiosha. Mgeni hajui."

Tuliona kuwa wote wawili wana hoja, na kuwa katika nyumba nyingi za pwani yetu mazungumzo kama hayo yanafanyika, kwa kuwa riziki za watu wetu wengi zinapitia hotelini. Turudi basi kwa yale masheikh wetu wanayotusomesha. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Abu Tha'laba al-Khushani, radhi za Allah zimshukie, alimuuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, kuhusu vyombo vya watu wa Kitabu waliokuwa majirani zao, na katika riwaya nyingine ilielezwa kuwa vyombo hivyo vilipikiwa nguruwe na kunywewa pombe. Maana ya jibu ni kuwa wakipata vyombo vingine wasitumie hivyo, na wasipopata, wavioshe kwa maji kisha wavitumie.

Katika jibu hilo kila mmoja wa wenyeji wetu amepata haki yake. Mke amepata kuwa maji yanasafisha na kioo kilichooshwa hakibaki najisi milele. Mavyaa amepata kuwa palipo na badala, badala ni bora. Tukaongeza la tatu, ambalo ni adabu zaidi kuliko hukumu: Muislamu huondoa shaka katika nafsi ya anayemtazama. Chupa yenye karatasi ya kiwanda cha mvinyo ni tangazo la mvinyo, hata ikiwa ndani mna mchanga mtupu. Anayetaka yakini zaidi katika hali yake na amuulize sheikh wa mtaa wake.

Je, badala ipo? Ipo tele. Chupa ya sharubati ya Vimto, kinywaji kilichoanza Manchester mwaka wa 1908 na leo hakikosi katika meza za futari za ndugu zetu walioko Ghuba, ni ya kioo na ina shingo. Chupa za marashi ya mawaridi, za asali, za siki na za mafuta ya kupikia ni nyingi. Lakini tahadhari na chupa za soda: hizo zina amana dukani, na hazifai kugeuzwa pambo kabla hujajua kama ni mali yako au ya muuzaji. Mama mzee aliposikia habari ya chupa ya marashi alicheka, akasema anayo moja tangu harusi ya bintiye. Aliingia chumbani akaitoa. Tulipoondoka ilikuwa imeshakaa kabatini, na zile mbili za kijani zilikuwa zimetolewa nje, nyuma ya nyumba, ambako mke alisema atazijaza mchanga azizungushie kitalu chake cha mchicha.

Adui aliye mezani

Hapa twaomba msomaji asituharakishe, kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko la chupa.

Abu Musa, radhi za Allah zimshukie, amesimulia kuwa nyumba moja ya Madina iliwaungulia wenyewe usiku, na Mtume alipopewa habari hiyo aliwafahamisha watu kuwa moto ni adui yao na akawataka wauzime wanapokwenda kulala. Na katika Sunan Abi Dawud, Ibn Abbas amesimulia kisa cha panya aliyekuja akiburuta utambi akautupa juu ya mkeka aliokuwa ameukalia Mtume, ukaungua mahali kiasi cha dirhamu. Kisa hiki kina zaidi ya miaka 1,400, na kila kilichomo bado kimo katika nyumba zetu: panya, utambi na mkeka.

Nyumba za makuti zinahitaji tahadhari mara mbili. Makuti makavu yakishika moto hayazimiki kwa ndoo, na hoteli za pwani yetu zilizoezekwa hivyo zimepata kuteketea kwa saa chache. Wenye hoteli wana mitungi ya kuzimia moto na walinzi wa usiku. Aliye katika nyumba ya kuta za udongo na paa la makuti ana nini? Kwa nyumba kama hiyo ushauri wetu ni mmoja: mshumaa wa pambo usiwashwe ndani kamwe.

Tena yapo mavazi. Leso, buibui jepesi la kitambaa cha kung'aa, ushungi unaoning'inia mtu anapoinama kuweka sahani mezani, vyote vyashika moto haraka. Chandarua cha mbu ni hivyo hivyo. Mapazia yanayopeperushwa na upepo wa kusi, ule ule unaotupa michirizi mizuri, ndiyo yanayobusu mwale. Uzuri wa mshumaa huu unatokana na upepo, na hatari yake inatokana na upepo huo huo. Anayeutaka mmoja aushughulikie na mwingine.

Wapo watakaosema kuwa siku hizi tuna stima. Ni kweli, lakini usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulipokatika karibu nchi nzima, mishumaa ilitoka makabatini kila mahali, na mikono iliyozowea kubonyeza swichi ililazimika kushika viberiti gizani. Kujua kuishi na mwale ni elimu ambayo bado tunaihitaji.

Namna ya kufanya

Kwa anayependa kujaribu, haya ndiyo tuliyofunzwa Galu, kwa utaratibu wake.

Loweka chupa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na magadi kidogo kwa saa kadhaa, karatasi yake itajivua. Gundi inayobaki hutoka kwa kupakwa mafuta ya nazi na kusuguliwa kwa kitambaa. Osha tena, kisha ikaushe jikoni au juani siku nzima, kwa sababu unyevu ukibaki ndani nta haishiki vizuri shingoni.

Tia mchanga mkavu mpaka nusu ya chupa. Chupa tupu ni nyepesi na mtoto aweza kuiangusha kwa mkono mmoja. Yenye mchanga husimama imara, na ikianguka haibingiriki mbali. Mchanga wa kiambazani watosha. Galu na Diani zimo katika hifadhi ya bahari, kwa hiyo makombe na matumbawe yaachwe palepale yalipo, hata yakiwa yanavutia kwa kupambia kitako cha chupa.

Mshumaa wa kawaida mara nyingi huwa mnene kidogo kuliko mdomo wa chupa. Chovya kitako chake katika maji ya moto kwa dakika moja, kisha ukichonge kwa kisu pole pole mpaka kiingie kwa kukaza. Usiuache ukilegalega. Weka chupa juu ya sinia pana au sahani ya udongo, isiwe juu ya kitambaa wala plastiki, na pawe na nafasi ya mkono mzima pande zote, na juu pawe wazi kabisa.

Washa kwa saa moja au mbili, mtu mzima akiwa hapo. Mshumaa ukibakia kiasi cha vidole vitatu juu ya mdomo wa chupa, uzime. Ukiuacha ushuke mpaka shingoni, kioo hupata joto upande mmoja na kupasuka, na nta ya moto humwagika kwa mpigo. Usiumwagie maji. Uzime kwa kuufunika kwa kifuniko cha chuma, ungoje upoe, kisha chomeka mwingine juu ya mabaki ya wa kwanza. Badilisha rangi ukipenda. Kwa kawaida mishumaa minane hadi kumi hutosha kuivika chupa vazi la kupendeza.

Nta ikidondoka juu ya leso au mkeka, usiisugue ikiwa moto. Weka barafu iliyofungwa katika mfuko, ikigandamana ikwangue kwa ukingo wa kijiko. Alama inayobaki katika kitambaa huondoka kwa kuweka karatasi nyeupe isiyo na maandishi juu yake na kupitisha pasi yenye joto kiasi, karatasi itainywa nta. Mabaki yote ya nta yawekwe katika mkebe. Yakikusanyika huyeyushwa katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, kwa moto mdogo, na kufanywa mshumaa mpya. Akina mama wa Galu hawatupi hata tone.

Na hapa iko siri tuliyoipenda kuliko zote. Chupa ikishavaa nta, si lazima iwashwe tena. Pambo limekwisha kamilika. Yule mwenyeji wetu anakusudia, chupa ya marashi ikishavalishwa barazani kwa uangalizi wake, airudishe kabatini na kuitia juu mshumaa mdogo wa betri, ambao watoto waweza kuugusa bila kuungua. Mavyaa wake amekwisha kuridhia.

Kwa wanaokusudia kwenda

Familia inayopanga siku moja ya Galu na iondoke mapema, ipate kufika maji yakiwa yametoka na watoto watembee salama juu ya mchanga mpana. Tazameni saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kuondoka. Wakati wa kaskazi mwani huweza kujaa ufuoni, na baadhi ya watu hawaupendi, lakini hauna madhara. Akina mama watakaotaka stara zaidi na washuke kusini kidogo, ambako watu ni wachache.

Kaya Kinondo hutembelewa pamoja na mwongozaji wa kijiji, na mgeni hufungwa nguo nyeusi kabla ya kuingia, kwa heshima ya wenyeji. Na mkirudi, msiuache Msikiti wa Kongo, kaskazini mwa Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Ni msikiti wa karne nyingi, wa mawe ya matumbawe, uliozungukwa na mibuyu mikubwa, na ungali unasaliwa. Tuliufikia kabla ya Magharibi. Nje, chini ya mibuyu, kiza kilikuwa kimeanza kutanda, na ndani taa zilikuwa zimewashwa. Ukumbuke, ewe msomaji, Suratun Nur, Aya ya 35, inayozungumzia shubaka na taa na kioo. Mbele ya maana hiyo, chupa zetu ni michezo midogo ya mikono, na tunazipenda kwa kiasi hicho.

Mwisho, twawausia wasomaji wetu, hasa mabinti walioolewa karibuni na wanaopamba nyumba zao za kwanza: pambeni, kwa kuwa uzuri ni neema na Mwenyezi Mungu anaupenda. Lakini kabla ya pambo kuingia mlangoni, liulizeni maswali matatu: Limetoka wapi? Litamtia nani shaka? Na usiku tukilala, litakuwa likifanya nini?

Allah azihifadhi nyumba zetu na moto wa dunia na wa akhera, na azijaze nuru. Amin.